Kuamka usiku kukojoa mara tatu nne: pima kwanza kabla hujameza dawa

Huku kwetu Mbeya ukikutana na Mnyakyusa asubuhi anakuuliza "ugonile?", yani umelala? Na we unaitikia fresh tu wakati ukweli hujalala kabisa, umeamka saa tano, ukaamka saa saba, ukaamka saa tisa na ile baridi ya Uyole, ukarudi kitandani miguu ya barafu, usingizi unakuja kukushika vizuri jogoo huyo anawika. Hii kitu watu hawaisemi. Wanaume wanaogopa kuambiwa tezi dume, kinamama wanasema ni mambo ya uzazi ndo yalivyo, wazee wanasema ni uzee.

Niseme mapema mi sio daktari, mi ni fundi bomba. Ila nimeuguza mzee wangu kwa hii ishu karibu mwaka mzima na kilichotusaidia ni kufanya kile kile nachofanya kila siku kazini. Mteja akinipigia kwamba tangi linafurika sikimbilii spana, nauliza kwanza maji yanayoingia ni mengi kuliko kawaida, au tangi lenyewe dogo, au bomba la kutolea limeziba? Kibofu nacho ni ivo ivo, na ukishajua uko upande gani nusu ya kazi imeisha.

Mzee yuko kijijini upande wa Wanging'ombe, ana miaka 71, ana presha. Alikua anaamka mara nne, siku mbaya mara tano, na choo kiko nje kama nyumba nyingi za kule. Mwezi wa saba mwaka juzi akateleza kwenye kile kidaraja cha mbao cha kwenda chooni, mkono ukavimba wiki mbili. Tukampeleka kwenye zahanati fulani, wakapima mkojo, wakasema UTI, sindano. Baada ya mwezi yale yale, UTI tena, vidonge vya siku saba. Mara ya tatu tena UTI. Hamna hata mmoja aliyemuuliza mzee unakojoa kiasi gani kila ukiamka au mkojo unachoma. Haukua unachoma! Na hili nimekuja kujua baadae, wazee wengi wanaweza kua na bakteria kidogo kwenye mkojo bila dalili yoyote, na hao kwa kawaida hawahitaji antibayotiki. Kwaiyo kipimo kikisema kuna wadudu haimaanishi wadudu ndo wanaokuamsha usiku.

Shemeji yangu, mke wa kaka, ni nesi. Siku moja yuko pale nyumbani akasema, "Shemeji, kabla hamjamrudisha zahanati nitafutie jagi lenye namba." Nikadhani utani.

Jagi, kalamu na siku tatu

Unatafuta jagi la plastiki la jikoni lile lenye mistari ya mililita, ukishalitumia kwa hii kazi lisirudi jikoni, andika hata kwa makapeni ubavuni. Kama huna, chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata juu, hiyo ikijaa inapungua kidogo 500 na nusu yake inapungua kidogo 250, inatosha, hatupimi dhahabu. Kinamama wanakojolea kwenye kopo pana au beseni dogo alafu wanamimina. Siku tatu mchana na usiku, kila ukikojoa unaandika saa na kiasi, na kila ukinywa kitu unaandika saa na ni nini, chai, uji, maji, bia, supu, vyote. Siku tatu zisiwe lazima mfululizo ila ziwe za kawaida, usipime siku ya msiba au harusi.

Hesabu yake iko hivi. Mkojo wa kabla hujapanda kitandani ni wa mchana. Kuanzia umelala mpaka unaamka ni wa usiku, na ule wa kwanza wa asubuhi unaingia kwenye hesabu ya usiku kwa sababu umetengenezwa ukiwa umelala, hapa ndo watu wengi wanakosea. Alafu unajumlisha masaa 24 yote.

Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida kinabeba kama mililita 300 mpaka 500. Masaa 24 mtu anatoa kama lita moja mpaka mbili hivi, inategemea amekunywa nini na ametoka jasho kiasi gani. Usiku kwa kijana inatakiwa iwe kama sehemu moja ya tano ya jumla, kwa mzee wa zaidi ya 65 inaruhusiwa kufika theluthi moja. Ikizidi theluthi basi figo zinafanya kazi shifti ya usiku.

Sasa mzee. Anakula saa moja, anameza dawa saa mbili, analala saa tatu. Karatasi ya siku ya kwanza hii hapa: saa nne 400, saa tano na nusu 450, saa saba 350, saa tisa 300, asubuhi 250. Jumla ya usiku 1,750. Mchana mzima mara nne, jumla 650. Yani katika 2,400 ya siku nzima karibu robo tatu imetoka usiku! Na kila kikojo ni kikubwa, kimejaa, kinatoka vizuri. Shemeji akaangalia ile karatasi akasema hapa hamna UTI, alafu akaomba aone dawa za presha. Mle ndani kulikua na frusemaidi, ile wengi wanaiita lasiksi, kidonge cha kutoa maji mwilini. Kwanini unakunywa saa mbili usiku baba? Mzee akajibu kwamba dawa za hospitali yeye anakunywa zote usiku akishatulia, asubuhi anawahi shamba.

Hiyo dawa inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja na inaendelea kama masaa sita. Umeimeza saa mbili, hesabu mwenyewe.

Mkojo mwingi usiku, mchana kidogo

Hili ndo kundi la mzee na kwa ninavyoona huku nyanda za juu lina watu wengi kuliko wanavyojua, kwaiyo nitakaa hapa.

Kwanza dawa kama hivo. Dawa zote za kutoa maji zinatakiwa asubuhi, wengine daktari anawasogezea mchana, masaa kama sita kabla ya kulala ili kazi iishe kabla hujapanda kitandani. Usijibadilishie mwenyewe kimya kimya, mwambie aliyekuandikia, ni swali la dakika mbili. Kuna dawa nyingine ya presha, amlodipini, hiyo haitoi mkojo ila inaweza kuvimbisha miguu, na miguu ndo sababu ya pili.

Miguu. Ukisimama au kukaa siku nzima maji yanashuka chini yanajikusanya kwenye vifundo. Ukilala yanarudi kwenye damu, figo zinayaona, zinayatoa. Kwaiyo umekojoa usiku maji uliyokunywa asubuhi, yalikua tu yamepaki kwenye soksi. Kujua ni rahisi: jioni vua viatu au gambuti, bonyeza kwa dole gumba kwenye ugoko juu kidogo ya kifundo, hesabu mpaka kumi, achia. Shimo likibaki, ni maji. Mzee lilibaki, na alama ya soksi ilikua imechimba mpaka unaweza kuingiza ukucha.

Dawa yake ni kuyarudisha mapema. Saa kumi au saa kumi na moja jioni mtu analala chali kitandani au kwenye mkeka miguu imewekwa juu ya mito au gunia la mahindi iwe juu kuliko kifua, kama saa moja hivi, anakojoa kabla ya kulala. Mzee mwanzo alikataa, eti mwanaume kulala jua bado lipo watu watasema anaumwa, tukamwekea redio pale pale akawa anasikiliza habari miguu juu, ikapita. Kutembea jioni nako kunasaidia. Soksi za kubana zipo pia ila hizo uliza kwanza, mwenye mishipa mibovu ya miguu au sukari ya muda mrefu zinaweza kumuumiza. Na kama miguu inavimba na ukilala chali pumzi inakata mpaka unahitaji mito mitatu, hiyo sio ya gunia la mahindi, hiyo inaweza kua moyo au figo, nenda hospitali wiki hii hii.

Tatu ni kunywa kwa deni. Nenda Mwanjelwa muulize mama yoyote anayeuza nyanya au mitumba, hanywi maji kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa sababu choo ni cha kulipia, kila ukienda mia mbili mia tatu, alafu meza unamwachia nani? Madereva wa magari makubwa na makondakta wa barabara ya Dar ni hivo hivo, zaidi ya kilometa 800 na gari halisimami kila unapotaka. Wakifika nyumbani saa moja jioni ndo wanafungulia, maji lita moja na nusu, chai vikombe viwili, supu. Usiku mzima wako njiani kwenda chooni alafu wanasema kibofu kimechoka, wakati kibofu hakina kosa. Suluhisho hapa sio kunywa kidogo, ni kuhamisha ratiba: nusu na zaidi ya maji yako yawe yameshaingia kabla ya saa nane mchana na masaa mawili matatu ya mwisho kabla ya kulala unywe kidogo sana, ya kumezea dawa tu. Ukikata maji kabisa mkojo unakua mkali, unachokoza kibofu, choo kubwa inakua ngumu nayo inabana kibofu, umejiongezea tatizo.

Nne, chai. Najua nagusa pabaya, tumezungukwa na chai ya Rungwe na ya Mufindi, kahawa ya Mbozi, na baridi ya mwezi wa sita huwezi kumwambia mtu asinywe chai usiku akakuelewa. Ila chai ya rangi na kahawa zina kafeini, inaongeza mkojo kwa baadhi ya watu na inachokoza kibofu. Ya mwisho iwe saa tisa saa kumi jioni. Usiku ukitaka cha moto basi mchaichai au maji ya tangawizi kikombe kimoja kidogo, maana kikombe cha moto cha nusu lita bado ni nusu lita hata kama hakina kafeini. Pombe hadithi ni hiyo hiyo na zaidi, inaizima ile homoni inayoziambia figo zipumzike usiku. Msimu wa mvua ulanzi ukiwa mwingi Iringa na Njombe wewe hesabu tu watu wanaosimama kwenye migomba kuanzia saa mbili usiku.

Tano, chumvi, hii watu hawaitegemei. Chumvi nyingi inakufanya unywe maji mengi na inayashikilia mwilini, usiku figo zinaitoa pamoja na maji yake. Kuna watafiti wa Nagasaki kule Japani mwaka 2017 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 200 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 kwa siku mpaka 8, kuamka usiku kukashuka kutoka wastani wa mara 2.3 mpaka 1.4. Na hawakumeza kitu! Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5, ni kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, pamoja na iliyoko kwenye dagaa, mkate na vile viungo vya mchuzi vya paketi.

Sita, baridi yenyewe. Ukipigwa na baridi mishipa ya ngozi inajibana, damu inarudi ndani, figo zinaona kama maji yamezidi zinaanza kuyatoa, na jasho nalo halipo la kupunguza. Ndo maana Makete na Kitulo, ambako mwezi wa sita wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani, mtu mzima wa afya yake anaamka mara moja au mbili na wala sio ugonjwa. Soksi, blanketi la ziada, kofia. Ila tafadhali sana jiko la mkaa lisiingie chumbani kulala nalo, ile hewa haina harufu na inaua familia nzima.

Mwingi mchana na usiku pia

Kama jumla ya masaa 24 inapita lita tatu, mkojo ni mwingi muda wote, kiu haiishi, mdomo mkavu, suruali inaanza kulegea, usisome zaidi, nenda kapime sukari leo. Kipimo cha kidole kiko hata kwenye vituo vidogo. Hujala kuanzia usiku na inasoma 7.0 au zaidi, au umekula na inasoma 11.1 au zaidi na una hizo dalili, hiyo ni sukari, watakuthibitishia na kukuanzishia matibabu. Wazee wa zamani walikua wanaangalia sisimizi kama wanakusanyika palipokojolewa, sio uongo moja kwa moja, ila usisubiri sisimizi, nao kwenye baridi hii hawatoki.

Sukari ikiwa sawa lakini lita bado zinapita tatu, mara nyingi ni mtu ananywa mno. Kuna hii fasheni ya kunywa lita nne tano kwa siku eti kusafisha figo. Figo hazihitaji kusafishwa kwa mafuriko, mkojo ukiwa wa njano hafifu umetosha.

Kidogo kidogo, kila saa

Hapa karatasi inakuonyesha 80, 120, 100, 60, mchana na usiku, jumla ya siku ni ya kawaida. Kibofu ndo kinasumbua, sio figo.

Ukisikia kuchoma, harufu kali, mkojo mzito, maumivu chini ya kitovu, hapo sasa UTI ni mtuhumiwa halali, hasa kwa wanawake, pima na umalize dozi. Lakini umetibiwa UTI mara tatu haiponi, omba mkojo uoteshwe maabara na uulize kuhusu TB, kwa sababu TB inaweza kukaa kwenye figo na kibofu, mkojo unaonyesha usaha lakini ukioteshwa kwa njia ya kawaida hauoti kitu. Wengi hawajui kwamba TB sio kikohozi tu. Na kama umelima mpunga majaruba, kama walivyo wengi Mbarali na Kyela, au umekulia kuogelea mitoni na ziwani, na mkojo unamalizikia na damu, fikiria kichocho, dawa yake prazikwanteli inajulikana na haina mambo mengi. Mawe nayo yanaweza.

Hamna kuchoma, ila ukisikia mkojo lazima ukimbie, ukiingiza funguo mlangoni au ukisikia maji ya bomba unakaribia kujikojolea, hicho ni kibofu chenye hasira, kinajibana kabla hakijajaa. Kinafundishika. Mkojo ukija unakaa, unakaza misuli ya chini kama unayezuia ushuzi mbele ya wakwe, unasubiri dakika tano, wiki ijayo kumi, unaongeza taratibu. Mazoezi ya hiyo misuli ni kukaza kwa sekunde tano mpaka kumi, kuachia, mara kumi, awamu tatu kwa siku, na matokeo unayaona baada ya miezi mitatu sio siku tatu, usikate tamaa wiki ya pili. Usifanyie zoezi katikati ya kukojoa.

Kinamama wana yao: mimba inabana kibofu, uvimbe kwenye kizazi unabana, kizazi kushuka, na baada ya kukoma hedhi ngozi ya kule inakua kavu na nyembamba kibofu kinachokozeka. Vyote vinatibika, sio "ndo uzazi". Kama mkojo unavuja wenyewe saa zote tangu ulipojifungua kwa shida, hiyo inaweza kua fistula, inatibiwa kwa upasuaji, usijifungie ndani.

Presha ndogo bombani

Wanaume wenzangu. Unasimama unasubiri, unakuja kwa kukatakata, hauna nguvu, unamalizia matone kwenye suruali, umemaliza dakika tano unahisi bado umo. Hiyo ni dalili ya tezi dume kuvimba na kubana njia. Sio lazima kansa, mara nyingi ni kukua kwa kawaida kwa umri, lakini huwezi kujua bila kupimwa, kipimo cha damu cha PSA, na kidole ndiyo, kidole, kinachukua sekunde chache kuliko muda unaoutumia kukiogopa. Dawa zipo, tamsulosini inalegeza shingo ya kibofu ndani ya siku chache (inaweza kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla, amka kwa hatua), finasteridi inapunguza tezi yenyewe ila inataka miezi sita hivi.

Nachotaka ushike hapa ni mafua. Huku kwetu baridi ikianza kila mtu ana mafua, na mzee mwenye tezi anameza piritoni au vile vidonge vya mafua vya kufungua pua. Hivyo vinaweza kumfungia mkojo kabisa. Jirani yetu mmoja ilimkuta, alienda kulala na mafua akaamka tumbo limejaa kama ngoma na hata tone halitoki, akawekewa mpira usiku huo huo ndo akapona. Kwaiyo dukani sema una tezi kabla hujapewa dawa ya mafua. Na zile chupa za dawa ya tezi zinazouzwa stendi, kipaza sauti kinaimba "siku saba tu", mi naona bora hiyo hela ukapime.

Kumbe ni usingizi

Jiulize, mkojo ndo ulikuamsha, au uliamka kwanza ndo ukasema ngoja nikakojoe? Mtu anaamshwa na magoti, mbwa, mawazo ya ada, akishaamka anaenda, kiasi ni kidogo tu. Ukitibu magoti usiku unapona. Na kuna wanaokoroma mpaka ukuta unatikisika, katikati pumzi inakata sekunde kadhaa, alafu wanashtuka kama wamezama. Pumzi ikikatika hivo moyo unatoa homoni inayofungulia figo, kwaiyo huyu anakojoa mwingi kweli na mchana anasinzia, akiwa dereva ni hatari. Muulize unayelala naye, wewe huwezi kujisikia. Kupunguza uzito na kuacha pombe ya usiku vinasaidia, ila apimwe.

Usisubiri siku tatu za jagi kama

mkojo umegoma kutoka kabisa na tumbo la chini linauma, au una damu hata kama hauumi na imetokea mara moja tu, au una homa na kutetemeka na kiuno kinauma ubavu mmoja, au miguu imekua dhaifu na sehemu za siri zimekufa ganzi. Hizo ni za kwenda saa hiyo hiyo, bodaboda yoyote.

Mzee yuko wapi sasa

Daktari alihamishia frusemaidi asubuhi, miguu juu jioni, chai ya mwisho saa kumi. Wiki ya kwanza alishuka kutoka mara nne mpaka mbili. Akang'ang'ania chai ya saa mbili usiku tukapima tena wiki ya tatu, siku za chai anaamka mara tatu, siku bila chai mara moja, akajionea mwenyewe kwenye karatasi, kuanzia hapo mabishano yakaisha. Siku hizi ni moja, zikizidi mbili. Na choo cha nje tulikiwekea taa ya sola ya elfu kumi na tano na kamba ya kushikilia kwenye kile kidaraja, mvua ikinyesha anatumia ndoo yenye mfuniko chumbani, mwanzo aliona aibu. Anakaa kwanza kitandani kama dakika moja kabla ya kusimama, dawa za presha zinaangusha watu gizani.

Ukienda hospitali, iwe ya wilaya, Ikonda au rufaa Mbeya mjini, beba ile karatasi ya siku tatu, daktari akiiona anaacha kukuuliza maswali kumi. Na beba dawa zote unazotumia na paketi zake, za presha, za kienyeji, za duka, maana mzee wangu alivyoulizwa alisema "zile nyeupe ndogo", na mle mfukoni nyeupe ndogo zilikua aina tatu.